Piranha wa kwanza Johannesburg: Anza na tangi, samaki atafuata

Mtoto wa miaka 10 akishaiona video ya piranha wakimmaliza kuku mzima, basi nyumba haikaliki. Asubuhi piranha, jioni piranha. “Baba, ninunulie mmoja tu, nitamlisha mwenyewe.” Wazazi wengi hukimbilia kujibu ndiyo au hapana, halafu majuto yanakuja baadaye.

Kwa familia iliyohamia Johannesburg kutoka Muscat, Dubai au Doha, jibu la ombi hilo liko kwenye tangi. Johannesburg si Muscat. Mji uko juu, baridi yake ya usiku ni baridi kweli, na umeme wake umezoea kuondoka bila kuaga. Tangi ambalo kule pwani lingetosha, huku linaweza kumuua samaki kwa usiku mmoja.

Uliza sheria kabla ya bei

Afrika Kusini ina sheria ya bioanuwai ya mwaka 2004, na kanuni zake kuhusu viumbe wageni na wavamizi zilianza kutumika 2014. Piranha ni mgeni, kwao ni mito ya Amerika Kusini. Kwa hiyo usitosheke na neno la muuza duka. Iulize idara ya mazingira ya jimbo la Gauteng kama samaki huyo anaruhusiwa kufugwa na kama anahitaji kibali. Mtaje kwa jina lake la kisayansi, *Pygocentrus nattereri*, yaani piranha mwenye tumbo jekundu, na jibu ulichukue kwa maandishi.

Usidhani pia kwamba mkirudi Ghuba mtarudi naye. Falme za Kiarabu zina sheria ya mwaka 2016 inayodhibiti umiliki wa wanyama hatari, na huko Marekani majimbo kadhaa, Texas na California yakiwamo, yamempiga marufuku piranha moja kwa moja. Kila nchi ina mlango wake.

Mpime samaki mkubwa, si yule wa dukani

Dukani utaonyeshwa kisamaki cha sentimita 4 au 5, kizuri, cha rangi ya fedha chenye madoa meusi. Hapo ndipo watu wanaponunua tangi dogo la mezani. Lakini piranha mwenye tumbo jekundu hufika sentimita 25, na wengine hupita 30. Na anaishi miaka 10 na zaidi akitunzwa vizuri.

Hesabu ya maji ni nyepesi: zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 linachukua lita 54 tu. Hilo si la piranha, hata ukiambiwa “ni la kuanzia”. Tangi la 120 kwa 45 kwa 45 linachukua lita 243, na hicho ndicho kiwango cha chini kwa piranha mmoja aliyekomaa. La 180 kwa 60 kwa 60 linachukua lita 648, na hilo ndilo la kundi la watano au sita.

Angalia upana kuliko kina. Samaki wa sentimita 30 akiwa kwenye tangi la upana wa 30 hawezi hata kugeuka bila kujikunja.

Sasa, mmoja au kundi? Wengi wanaamini piranha hukaa makundi ili washambulie kwa pamoja. Watafiti Anne Magurran na Helder Queiroz waliwachunguza kule Mamirauá, Brazil, wakaona kinyume chake: kundi ni kinga. Piranha mwenyewe analiwa na mamba wa huko, ndege na pomboo wa mtoni, kwa hiyo anajificha katikati ya wenzake. Kumbe yule jasiri wa kwenye filamu ni mwoga! Akiwa peke yake hujibanza pembeni na kushtuka kila mtu akipita. Wakiwa wawili au watatu, mmoja hugeuka mbabe na kuwakata wenzake mapezi. Ndiyo maana wafugaji wengi huchagua ama mmoja kwenye tangi la kutosha, ama kundi la watano kwenda mbele, wa ukubwa mmoja, walioingia siku moja.

Sakafu nayo ina haki yake

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 648, ukijumlisha kioo, mchanga na meza yake, hupita kilo 800. Ni kama watu wazima 10 wamesimama usiku na mchana mahali pembamba kuliko kitanda. Kama mnakaa ghorofani, muulizeni mwenye nyumba au mhandisi kabla ya kulipa hata senti. Kwenye nyumba ya chini, liwekeni kwenye sakafu ya zege, mbali na dirisha linalopigwa jua, na karibu na soketi lakini si juu yake.

Hewa ya mlimani

Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 26 hubeba oksijeni kama miligramu 8 kwa lita ukiwa Muscat, lakini Johannesburg hubeba kama 6 na nusu tu. Samaki wale wale, maji yale yale, pumzi imepungua.

Kwa hiyo tangi pana ni bora kuliko tangi refu la kwenda juu, kwa sababu oksijeni huingilia kwenye uso wa maji. Ongeza pampu ya hewa hata kama muuzaji atakwambia chujio linatosha. Chujio lenyewe liwe na nguvu ya kuzungusha maji yote ya tangi mara 5 au 6 kwa saa, maana piranha ni mlaji mchafu, huacha vipande kila mahali.

Halafu kuna baridi. Ghuba tumezoea kuhangaika na joto, maji yakichemka kiyoyozi kikizimwa. Huku ni kinyume. Usiku wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 4 au 5 nje, na nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto. Piranha anataka nyuzi 24 hadi 28. Weka hita mbili za kiasi badala ya moja kubwa: moja ikifa, nyingine inashikilia. Na zizungushie kinga, kwa sababu piranha akishtuka huigonga hita ya kioo ikavunjika.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo matangi mengi ya Johannesburg yanapofeli. Mwaka 2023 mgao wa umeme wa Eskom ulipiga zaidi ya siku 300. Kuanzia mwishoni mwa Machi 2024 ukasimama kwa zaidi ya siku 300, watu wakapumua, kisha ukarudi ghafla mwishoni mwa Januari 2025. Na hata mgao usipokuwepo, transfoma ya mtaa inaweza kulipuka au nyaya zikaibwa.

Umeme ukienda, vitu vitatu husimama kwa pamoja: joto, hewa na chujio. Tangi kubwa linakupa muda, kwani maji mengi hupoa polepole. Tangi la lita 54 halikupi muda wowote.

Kama mna inveta na betri, ipeni kazi ndogo. Chujio linakula wati 30 au 40, na pampu ya hewa wati 5 hivi. Hita zinakula mamia, zitaimaliza betri mapema. Basi inveta iendeshe hewa na chujio, na tangi lifunikwe blanketi pande zote, juu muache nafasi ya hewa kuingia. Kama hakuna inveta, nunueni walau pampu ya hewa ya betri.

Msimlishe samaki wakati wa giza. Na chujio la kopo lililofungwa likikaa saa nyingi bila kuzunguka, msiliwashe tu. Bakteria waliomo, wale wanaosafisha sumu ya amonia, huwa wamekosa hewa na kuanza kufa. Fungueni, suuzeni sponji kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi, ndipo muwashe.

Maji ya bomba si maji ya samaki

Maji ya Johannesburg huletwa na Rand Water kutoka mfumo wa mto Vaal, unaopokea pia maji ya milima ya Lesotho. Ni safi kwa kunywa, lakini hutiwa klorini na kloramini. Klorini ukiiacha kwenye ndoo usiku kucha hupungua yenyewe. Kloramini haitoki hivyo. Nunua dawa ya maji iliyoandikwa wazi kwamba inaondoa zote mbili.

Tangi jipya linahitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya samaki kuingia, ili wale bakteria wa chujio wazaliane. Haraka haraka hapa haina baraka hata kidogo. Pima amonia na nitraiti. Zote mbili zikisoma sifuri baada ya bakteria kushika kazi, ndipo tangi liko tayari.

Baadaye kila wiki utabadilisha robo ya maji. Kwa lita 648 hiyo ni lita 162, yaani kama madumu 8 ya lita 20. Mabomba ya Johannesburg nayo hukauka siku nyingine, kwa hiyo madumu hayo yawe yamejazwa tangu jana.

Mikono ya watoto

Tangi liwe na kifuniko kizito chenye kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mzima. Chakula kiwekwe kwa koleo refu: minofu ya samaki, kamba. Waliokomaa hula kila baada ya siku 2 au 3, na mabaki yatolewe siku hiyo hiyo. Hatari kubwa ni wakati wa kumtoa au kusafisha tangi, samaki akiwa na hofu. Kazi hiyo si ya mtoto, hata akililia.

Samaki wa miaka 10, mkataba wa miaka 3

Mtoto wa miaka 10 leo, piranha akiwa bado hai, atakuwa na miaka 20, pengine yuko chuoni Kuala Lumpur au Leeds. Mkataba wa baba Johannesburg pengine ni wa miaka 3. Nani atabeba madumu?

Kumwaga mtoni si jibu. Mito ya kaskazini mwa mji, kama Jukskei, huteremka hadi Limpopo, na Limpopo huishia Bahari ya Hindi. Sisi wenye asili ya Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa hili: sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na mamia ya aina za furu zikapotea.

Kaeni kitako, mpige hesabu ya nafasi, sakafu, umeme, maji na mtu wa kumwachia. Hesabu ikikubali na kibali kikipatikana, nunueni tangi la samaki mkubwa tangu siku ya kwanza. Ikikataa, mwambieni mtoto ukweli, kisha mwonyesheni samaki wadogo wenye rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Wengi wao hutosheka na tangi la mita moja na ushee, na watoto wanaweza kujifunza majina ya maziwa ya bara la babu zao.