Kila chakula na barabara yake: kununua vizuri sokoni Butembo na Beni

Kati ya Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna kilomita 54 tu za barabara, lakini masoko ya miji hiyo miwili hayauzi vitu vilevile kwa bei ileile. Butembo iko juu ya vilima, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, katika ubaridi unaopendwa na viazi na kabichi. Beni iko chini zaidi, kwenye mita 1,100 hivi, karibu na msitu wa Ituri. Huko hustawi ndizi, muhogo, mpunga na michikichi. Kila mji hula ya kwake na kununua ya mwenzake. Kwa hiyo mnunuzi anayetaka chakula kizuri kwa bei isiyoumiza huanza na swali moja: chakula hiki kimeingia mjini kwa barabara gani? Akishajua barabara, hujua pia soko la kwenda, saa ya kufika na kiasi cha kununua.

Barabara za Butembo

Barabara ya kusini hupitia Musienene hadi Lubero. Hiyo ndiyo njia ya viazi mviringo, kabichi, karoti, vitunguu na puaro. Vilima vya Masereka, Kipese na Luotu navyo huleta viazi na maharagi. Upande wa mashariki, ardhi huteremka ghafla hadi Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Kutoka kijiji cha wavuvi cha Kyavinyonge, kwenye ukingo wa kaskazini wa ziwa hilo, hupanda tilapia na kambare, wabichi au waliokaushwa kwa moshi. Magharibi, barabara ya Manguredjipa inaingia msituni, nayo hurudi na mchele, ndizi na mawese. Kaskazini ni barabara ya Beni.

Soko kuu la Butembo hukusanya vyote hivyo mahali pamoja. Faida yake ni uchaguzi: wauzaji wengi wa kitu kimoja wamekaa kwa safu, na mtu akitembea mara mbili bila kununua atajua bei ya kweli ya siku hiyo. Hasara yake ni kwamba mzigo unaofika katikati ya mji mara nyingi umeshapita mikononi mwa watu wawili au watatu, na kila mmoja ameongeza chake. Masoko ya mitaani, kama lile la Furu, na vituo vidogo vya kando ya njia zinazoingia mjini, hupokea mzigo mapema zaidi. Mkulima aliyebeba sombe (majani ya muhogo) mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, au aliyesukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, yenye magunia tangu alfajiri, angependa kuuza haraka na kurudi nyumbani. Kwa mboga za majani, huyo ndiye wa kununua kwake.

Barabara za Beni

Beni hulishwa na pande nne. Kutoka Mangina, magharibi, huja mchele, mawese na ndizi. Kutoka Mbau na Oicha, kaskazini, huja muhogo, ndizi na mazao mengine ya msituni. Mashamba ya karibu na mji, kama yale ya Mayangose, hutoa sombe, mahindi na mboga. Mashariki kuna barabara ya Kasindi, kama kilomita 80, hadi mpaka wa Uganda. Soko la Kilokwa linajulikana kwa mazao ya shambani, na anayetafuta ndizi au muhogo kwa wingi haoni sababu ya kuanzia kwingine. Viazi na kabichi, kinyume chake, vimeteremka kutoka Butembo vikiwa na nauli juu yake. Mjini Beni ni vya kununua kwa kiasi, si kwa gunia.

Barabara ikifungwa, bei hubadilika mara moja. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayohusishwa na kundi lenye silaha la ADF yamewafukuza wakulima wengi wa Beni kwenye mashamba yao, hata yale yaliyo hatua chache kutoka mjini. Kusini mwa Lubero, waasi wa M23 waliingia mji wa Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, na watu wengi wakakimbilia Lubero na Butembo. Katika nyakati kama hizo chakula cha upande ulioathirika hupungua sokoni, huku walaji wakiongezeka. Malipo yanayodaiwa kwenye vizuizi vya njiani nayo huishia kwenye bei ya mlaji. Mama anayeuza fungu la muhogo kwa bei iliyopanda ghafla kwa kawaida hajapata faida zaidi. Naye amenunua kwa taabu. Mnunuzi mwenye busara hubadilisha chakula badala ya kugombana juu ya bei: muhogo ukiadimika, huangalia viazi au ndizi za upande ambao njia bado iko wazi.

Sokoni, dukani au depo

Duka la vyakula na depo, yaani ghala la bei ya jumla, navyo vina kazi zake. Unga wa mahindi, sukari, chumvi, mafuta ya kupikia na mchele wa kutoka nje hupita mara nyingi Kasindi, na bei zake hufuata dola. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mnunuzi wa Beni bado hulipia nauli, kodi na thamani ya franka kwa siku hiyo. Vitu vya namna hiyo vinafaa kununuliwa depo kwa mfuko mzima, hasa majirani wakichanga na kugawana. Vyakula vibichi ni vya soko. Nyanya iliyokaa dukani siku tatu kivulini inaweza kuonekana safi kuliko ya sokoni, na bado ikawa imezeeka zaidi.

Saa na msimu

Asubuhi ni wakati wa samaki, nyama na maziwa, kwa kuwa joto la mchana huviharibu. Jioni ni wakati wa mboga za majani, nyanya na ndizi zilizoiva, kwa sababu muuzaji asiye na friji hataki kulala nazo. Bei ya jioni ni nafuu ya kweli kwa anayepika usiku huohuo tu.

Butembo na Beni ziko karibu sana na ikweta, kwa hiyo mashamba huwa na misimu miwili kwa mwaka. Maharagi yaliyopandwa Septemba huvunwa kuelekea Desemba na Januari. Yale ya Machi huvunwa Juni na Julai. Wiki zinazofuata mavuno ndizo za kununua maharagi kwa beseni na kuyahifadhi. Akiba iliyokaushwa vizuri wakati huo huokoa pesa nyingi katika miezi ya kupanda, bei inapokuwa juu.

Kipimo ndicho bei

Chakula kingi huuzwa kwa kopo, beseni, fungu, mkungu au gunia, si kwa mizani. Hapo ndipo bei inapojificha. Kopo linaweza kuwa limegongwa chini hadi kitako kikaingia ndani. Ukilitazama kwa juu limejaa hadi kilele, lakini tumboni halina kitu kingi. Inatosha kuligeuza kabla halijajazwa. Gunia la viazi linaweza kuwa na vikubwa juu na vidogo katikati, pamoja na udongo mwingi. Muuzaji mwaminifu hukubali limwagwe.

Tuchukue mfano. Kopo la maharagi la franka 1,500 lenye gramu 700 linaonekana rahisi kuliko la franka 1,800 lenye kilo nzima. Ukipiga hesabu, la kwanza ni kama franka 2,140 kwa kilo, na la pili ndilo la bei nafuu. Kupima kopo la muuzaji wa kawaida mara moja, kwenye mizani ya duka la jirani, kunatosha kwa muda mrefu.

Kununua kwa mtu yuleyule kuna faida yake. Mteja wa kila siku hupewa matabishi, yaani konzi ya ziada baada ya kipimo kujaa, na huambiwa ukweli mzigo unapokuwa wa jana. Noti ndogondogo nazo husaidia, maana asiyerudishiwa chenji hulazimika kununua zaidi ya alichopanga.

Kutazama kabla ya kulipa

Bei nafuu ya kitu kilichoharibika ni hasara. Samaki mbichi ana macho yaliyojaa na matamvua mekundu, na nyama yake ikibonyezwa hurudi. Samaki wa moshi awe mkavu hadi ndani, bila ukungu wala funza karibu na mfupa. Kiazi chenye rangi ya kijani kina sumu na uchungu, kiachwe. Unga wa muhogo uwe mkavu na usio na alama za ukungu. Sombe iliyokwishatwangwa huokoa muda, lakini huficha majani makavu na mchanga, na lazima ichemshwe kwa muda mrefu ili sumu ya muhogo itoke. Maharagi yenye matundu madogo yana wadudu. Nyama inunuliwe kwa mchinjaji ambaye mnyama wake amekaguliwa na daktari wa mifugo.

Usafi wa mahali nao ni sehemu ya thamani. Ebola iliyotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020 iliua watu 2,287, wengi wao katika maeneo ya Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Ndoo za maji ya klorini zilizowekwa sokoni wakati huo zilifundisha kunawa kabla na baada ya kushika chakula, jambo linalozuia pia kipindupindu na kuhara. Mboga zinazolimwa mabondeni mwa mji, ambako maji ya mvua hukusanya taka, zioshwe kwa maji safi yanayotiririka hata kama zinaonekana safi.

Thamani ya manunuzi hukamilika nyumbani. Viazi huwekwa gizani penye hewa, mbali na vitunguu. Maharagi huanikwa tena juani, kisha hufungwa kwenye chombo kisichoingiza hewa. Mboga za majani hununuliwa za siku moja, na nyama au samaki hupikwa siku ileile. Familia ya kipato kidogo inaweza hivyo kugawa pesa yake katika mafungu mawili: moja la vitu vikavu, linalotumika mara moja kwa mwezi depo au baada ya mavuno, na jingine la vitu vibichi, linalotumika kidogo kidogo katika soko lililo karibu na barabara inayovileta.