Kamera ya Mzee Ilipoanza Kudanganya



Mama mmoja wa zoni yetu alituletea picha shuleni akatuuliza kama tuna dawa ya kuisafisha. Ni picha ya mama yake mzazi, amekaa kibarazani jioni pamoja na wajukuu wanne. Ua wa nyasi ulio nyuma yao unaonekana vizuri sana, mabua unaweza kuyahesabu. Lakini uso wa bibi ni kama moshi. Bibi huyo alifariki kabla picha haijarudi kutoka mjini, na nyingine hakuna. Ilibidi tumwambie ukweli: picha iliyotoka hivyo haina dawa.

Basi sisi walimu watatu wa kujitolea tukaenda kwa Mzee mpiga picha. Hakubisha. Alisema tu, "Wanangu, mimi nililenga macho yake. Kamera ndiyo imenidanganya." Akakumbuka kwamba miezi kadhaa nyuma ilianguka toka kwenye baiskeli.

Kamera yenyewe ni ipi?

Ni FED-2, ya filamu, na haitumii betri hata moja. Kaka yake Mzee alikuja nayo Kongo baada ya kusoma Moscow, katika chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961.

Historia yake ilitugusa sisi walimu. Kamera za FED zilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1934 mjini Kharkiv, Ukraine, kwa kuiga Leica ya Wajerumani. Waliozitengeneza walikuwa vijana wa makao yaliyofunguliwa mwaka 1927 kwa watoto wasio na kwao, wengi wao wakiwa wameachwa yatima na vita na njaa. Aliyewaongoza alikuwa mwalimu, Anton Makarenko. Nusu ya siku walisoma, nusu walifanya kazi kiwandani. Herufi F, E na D ni za jina la Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mkuu wa polisi ya siri ya Wasovyeti, ambaye makao yale yalipewa jina lake. Jina hilo watu wengi waliliogopa. Lakini kazi ilikuwa ya mikono ya watoto. FED-2 yenyewe ilianza kutoka mwaka 1955.

Inalenga namna gani?

Kwa mbele kuna madirisha mawili, kubwa na dogo. Ukichungulia nyuma, katikati unaona doa lenye picha ya pili. Mtu anaonekana ana pua mbili. Unazungusha lenzi mpaka pua mbili ziwe moja, na hapo umeshalenga. Ndani kuna mkono mdogo wa chuma unaogusa lenzi. Lenzi ikisogea, mkono unasogea, na picha ya pili inasogea pia.

Sasa, mkono huo na vioo vyake vikisogezwa na kishindo, jicho lako litaona pua moja, kumbe lenzi inatazama ua wa nyuma. Na mchana wa jua kali kosa linajificha, kwa sababu tundu la lenzi linakuwa dogo, na vitu vya karibu na vya mbali vyote vinatoka vizuri. Jioni, au ndani ya nyumba, tundu linafunguliwa lote na kosa linatokea wazi. Ndiyo maana harusi za mchana zilitoka sawa, bibi wa jioni akaharibika.

Tulivyoitengeneza

Kwanza hatukugusa skrubu. Kama lenzi ndiyo mbaya, kurekebisha madirisha ni kuwafundisha mashahidi wawili uongo mmoja. Kwa hiyo tulianza na lenzi.

Kamera haikuwa na filamu. Tulitoa mgongo wake. Tulichukua kipande cha karatasi ya daftari, tukakipaka mafuta ya kupikia kidogo, tukakifuta mpaka kikauke, tukakibandika kwa solotepu pale filamu inapolala. Tuliangalia sana tusiguse pazia la ndani, maana ni la kitambaa. Mzee alivuta kwanza, ndipo akageuza kasi kwenye alama ya B, ili pazia likae wazi muda wote kidole kikibonyeza. Tundu likafunguliwa lote, 2.8. Lenzi ikawekwa kwenye alama ya mbali kabisa, ile inayofanana na nane iliyolala. Tukaelekeza kwenye mnara wa simu ulio kilima cha pili, zaidi ya kilometa moja.

Mmoja wetu alijifunika kanga kichwani na kioo cha kukuzia cha darasa la sayansi. Mnara ukaonekana kwenye karatasi, miguu juu, lakini safi kabisa. Lenzi haikuwa na kosa.

Kisha tukachungulia dirishani: minara miwili, pembeni kwa pembeni! Mwongo tukamjua.

Mbele ya kamera kuna skrubu ndogo ambayo ni kifuniko tu. Ukiitoa, ndani kuna nyingine ya kurekebishia. Kwa bisibisi ya fundi saa Mzee alizungusha kidogo sana, akaangalia, akarudisha, akaangalia tena. Ilichukua karibu saa nzima mpaka minara ikawa mmoja. Usiku tukajaribu tena kwa mwezi. Ukawa mmoja.

Kesho yake tukajaribu karibu. Tulisimamisha daftari lenye maandishi mita mbili kutoka pale filamu inapolala, tukapima kwa futi ya fundi cherehani. Mzee akalenga kwa dirisha, sisi tukasoma kwenye karatasi ya mafuta. Herufi zilisomeka. Mita moja, pia.

Filamu moja, wazee kwanza

Vijana wametuuliza, mbona msitumie simu? Simu tunazitumia. Lakini wangapi wetu tumepoteza simu na picha zote ndani yake? Picha ya karatasi inakaa kwenye Biblia au kwenye sanduku la nguo, haiombi chaji.

Filamu tunaipata kwa shida, kwa ndugu wa Mzee aliye Nairobi. Ilikuwepo moja, ya picha 36. Tukakubaliana wazee ndio watangulie, kila mmoja picha moja. Ikapelekwa kusafishwa, tukangoja wiki saba. Zimerudi. Picha 31 ni nzuri, mikunjo yote ya nyuso inaonekana. Tatu watoto walicheza. Mbili zina giza, hilo Mzee amesema ni kosa lake.

Yule mama wa mwanzo tulimpa picha ya baba yake. Aliitazama sana, akaiweka pamoja na ile ya moshi. Hakutaka tuichukue.

Filamu nyingine ikifika, tutaandikisha majina shuleni siku ya Jumamosi. Mwenye mzee nyumbani asingoje. Na wewe mwenye kamera ya namna hii, ikianguka, itazame mnara kwanza kabla hujamtazama mtu.