Lori likizimika mlimani, tazama waya kwanza

Swali linalorudi mara kwa mara ni hili: kwa nini lori la zamani lizimike ghafla njiani na tangi lina dizeli? Wenye magari yanayopanda Mpale, kule juu milimani wilayani Korogwe, au yanayoshuka na mzigo kuelekea Handeni, wanajua kwamba si swali la mchezo. Katika magari mengi madogo ya mizigo, injini ikifa kwenye mteremko msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache, na kanyagio huwa gumu. Na juu ya magunia, kama tujuavyo, wamekaa watu.

Kwanza kumbuka lilivyozimika. Injini inayonyimwa dizeli na chujio chafu, au na upepo ulioingia kwenye mabomba, aghalabu hudhoofika na kukohoa kwanza. Iliyokatiwa umeme hufa papo hapo, kana kwamba mtu amegeuza ufunguo. Ikiwaka tena baada ya kutikiswa waya, mimi sina haja na pampu.

Utasema dizeli haihitaji cheche. Kweli, huwaka kwa joto la hewa iliyokandamizwa. Lakini pampu za aina ya Bosch VE, zilizofungwa kwenye Land Rover za Tdi na Toyota nyingi za zamani, zina solenoidi. Ukifungua swichi, umeme huvuta kisindano na njia ya dizeli hufunguka. Umeme ukikatika, springi hukirudisha na njia hujifunga. Bedford ya zamani inayozimwa kwa kuvuta kebo haina kitu hicho, usikitafute.

Basi weka gia huru, vuta hendibreki, kingia magurudumu mawe. Mwenzio afungue swichi bila kupiga stata, nawe utege sikio kwenye pampu: usikie "tak". Kama kimya, pima umeme kwenye ncha ya solenoidi. Haupo? Fuata fyuzi, swichi na waya. Upo? Usishangilie upesi, maana taa ndogo ya kupimia hung'aa hata kwenye waya ulioliwa na kutu. Afadhali mita, waya ukiwa umeungwa mahali pake: betri ikionyesha volti 12 na ncha ile 9, volti 3 zinapotea njiani. Umeme ukiwa kamili na "tak" haisikiki, hapo ndipo ushuku solenoidi yenyewe.

Kinachoniudhi ni fundi anayekimbilia kufungua pampu kando ya barabara. Pampu ikishafunguliwa hudai mashine ya kuipimia, na mashine hiyo haiko chini ya mwembe. Ili kufika gereji, waya wenye fyuzi kutoka betri hadi solenoidi watosha, mradi dereva ajue kwamba ufunguo hautazima injini mpaka waya huo uchomolewe. Wengine hung'oa kisindano na kuendelea na safari. Hapo hata kuchomoa waya hakuzimi kitu, na injini ikipandwa na wazimu utaizimaje?

Mimi huanzia kwenye nati ndogo inayoshika waya juu ya solenoidi, kwa kuwa hulegea kwa mtikisiko, kisha pale waya unapopita karibu na bomba la moshi na kuungua ganda.