Fahamu: Pengo la adhabu katika shule za Marekani

Mwaka wa masomo wa 2013–14, wanafunzi weusi walikuwa asilimia 15.5 tu ya wanafunzi wa shule za umma Marekani, lakini walifikia asilimia 39 ya waliosimamishwa masomo. Umaskini pekee hauelezi pengo hilo: wakaguzi wa Bunge walilikuta hata katika shule zenye wanafunzi wachache maskini. Utata mkubwa uko kwenye makosa yanayotegemea jicho la mwalimu, kama ukaidi. Tangu Julai 2024, California hairuhusu kumsimamisha mwanafunzi kwa ukaidi tu, ingawa mwalimu bado anaweza kumtoa darasani. Mwongozo wa serikali kuu wa 2014 dhidi ya ubaguzi katika adhabu ulifutwa Desemba 2018, kufuatia pendekezo la tume ya usalama wa shule iliyoundwa baada ya mauaji ya risasi katika shule moja ya Parkland, Florida.