Fomu Moja, Kazi ya Miaka Minne

Majuzi binti wa ndugu yangu, aliyehitimu sheria mwaka jana, alinijia jioni, bahasha mkononi. "Ami," akaniambia, "nataka kusomea uzamili wa sheria za kimataifa. Nisaidie kujaza fomu."

Mimi si mwanasheria, lakini fomu nimezijaza nyingi. Tulikwenda vizuri hadi pale panapotakiwa majina ya wahadhiri wawili wa kumshuhudia. Kalamu ikasimama. "Ami, miaka minne nimekaa nyuma ya ukumbi. Hakuna mhadhiri anijuaye."

Hapo nikamkumbusha habari za Profesa Phoebe Okowa, Mkenya mwenzetu. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi akatoka na daraja la kwanza, kisha akaenda Oxford, alikopata shahada ya BCL na ya uzamifu. Akafundisha Bristol, halafu Queen Mary mjini London. Kitabu chake cha mwaka 2000 kinachambua wajibu wa dola pale moshi wake unapochafua hewa ya jirani. Mwaka 2021 alichaguliwa kuingia Tume ya Sheria za Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2025 akachaguliwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, yenye majaji 15. Huko mtu hateuliwi na rais wake. Sharti apate kura za kutosha katika Baraza Kuu na Baraza la Usalama pia.

Msomaji atasema hayo ni ya wachache. Kweli, lakini tazama ngazi yenyewe ilivyoanza: kwa matokeo ya hapa nyumbani. BCL ya Oxford, ijapokuwa jina lake ni la shahada ya kwanza, ni masomo ya juu, nayo humtaka mwombaji awe na daraja la kwanza au la pili la juu lililo imara. Vyuo vingi vya uzamili hudai daraja la pili la juu, nakala ya matokeo yote, maelezo ya nia ya mwombaji, na barua za wahadhiri. Atakaye uzamifu huongeza pendekezo la utafiti, na aghalabu shahada ya uzamili.

Alama husomwa kwa nukta moja. Barua ya mhadhiri ndiyo husema kama mwanafunzi huyu huuliza, hubisha kwa hoja, humaliza alichoanza. Barua hiyo haiandikwi na asiyekujua.

Binti yetu ana daraja la pili la chini. Sikumficha kwamba milango mingi itamfungia. Hata hivyo, baadhi ya vyuo humfikiria mtu wa daraja hilo akiisha kufanya kazi ya taaluma yake miaka kadhaa. Nikamwuliza ni kazi gani aliyoiandika kwa moyo. Akasema ni insha juu ya kesi ya mpaka wa bahari baina ya Kenya na Somalia, iliyoamuliwa The Hague mwaka 2021. Mhadhiri aliyeisahihisha aliandika pembeni: "Njoo tuzungumze." Hakwenda.

Fomu tumeirudisha katika bahasha. Jumatatu atakwenda kubisha mlango huo, insha mkononi. Nanyi mlio mwaka wa kwanza, msingoje kuitwa.