PES ya zamani bado inamlipa mwenye kibanda kuliko mrithi wake

MOCÍMBOA DA PRAIA. Mfanyabiashara anayevuka Mto Ruvuma akitokea Mtwara na mashine za gemu ana jambo la kuuliza kabla hajalipa Kariakoo: mchezo uliomo utachezeka mahali ambapo bando linauma na mtandao unakatika?

Zamani swali hilo halikuwapo. PES ya kampuni ya Konami ya Japani, hasa PES 6 ya mwaka 2006, ilikuja kwenye diski. Ukiwa na PlayStation 2, runinga, padi mbili na umeme, kibanda kimefunguliwa. Vijana wanalipia mechi, aliyefungwa anampisha mwenzake. Hata majina ya timu yalibadilishika, hivyo fundi mtundu aliweza kuwaingizia wateja klabu ya nyumbani.

Septemba 30, 2021 Konami ilitoa mrithi wake, eFootball 2022. Ni bure, lakini hupakuliwa kwa intaneti. Siku ya kwanza mechi za kawaida zilikuwa na klabu 9 tu za kuchagua. Master League, ile ya kujenga timu msimu hadi msimu, haikuwamo, wala uwezo wa kuhariri timu. Nyuso za wachezaji zilipinda hadi zikawa kichekesho dunia nzima, na kwenye duka la Steam gemu hiyo ikashuka hadi mkiani kwa alama za wachezaji. Konami iliomba radhi, na toleo lililorekebishwa likatoka Aprili 2022.

Marekebisho yalinyoosha nyuso. Biashara hayakuigusa. Gemu mpya imejengwa ili mchezaji atumie fedha ndani ya gemu, kila mtu na akaunti yake. Ya zamani ilimwachia mwenye kibanda shilingi au metikali yake mkononi.

Kwa Mocímboa tofauti hiyo ni kubwa. Mji ulitekwa na wapiganaji Agosti 2020, ukakosa umeme na simu, na majeshi ya Rwanda na Msumbiji yakaukomboa Agosti 2021, wiki chache tu kabla ya eFootball kutoka. Anayerejea kuanza upya hana mtaji wa kuchezea bahati nasibu (na nauli ya kurudisha mzigo Mtwara hairudishwi na mtu).

Kwa hiyo mashine ijaribiwe dukani: intaneti izimwe, diski iingizwe, padi ya pili ichomekwe, mechi ichezwe hadi filimbi ya mwisho.