Marcus Anaomba Kunyolewa

Katika filamu ya Short Term 12, kijana Marcus anakaribia kutimiza miaka 18, umri ambao makao ya watoto anamoishi hayatakuwa na nafasi yake tena. Siku ya kuzaliwa inapokaribia ana ombi moja tu: anyolewe nywele zote. Mashine ikimaliza kazi, anapapasa kichwa kwa vidole, kisha anauliza kama vinundu alivyoachiwa na kipigo cha mama yake bado vipo. Anaambiwa hakuna kitu, kichwa ni safi. Hapo ndipo kilio kinapomtoka.

Wengi huona machozi ya furaha pale. Mimi sioni hivyo. Kwa miaka Marcus ameishi akiamini kwamba chini ya nywele zake kuna ushahidi, kwamba siku atakapotaka kuaminiwa atainamisha kichwa tu, watu waone. Sasa ushahidi haupo, na maumivu yapo vilevile. Atamwonyesha nani, na atamwonyesha nini?

Swali hilo linanifanya niipendekeze filamu hii kwa kila anayelea, anayefundisha au anayehudumia watoto waliopitia mateso. Ilitoka mwaka 2013, ikiandikwa na kuongozwa na Destin Daniel Cretton kwa bajeti isiyofika dola milioni moja, ikatwaa tuzo ya majaji na ya watazamaji kwenye tamasha la SXSW huko Austin, Texas. Brie Larson ni Grace, kiongozi wa zamu kwenye makao hayo. Rami Malek na Lakeith Stanfield wamo pia. Ukiitazama leo unaweza kudhani kulikuwa na hela nyingi za kukusanya nyota, kumbe wakati ule walikuwa bado hawajang'aa. Cretton mwenyewe aliwahi kufanya kazi kwenye makao ya vijana huko San Diego, California. Kwanza alitengeneza filamu fupi yenye jina hilohilo, iliyoshinda tuzo kwenye tamasha la Sundance mwaka 2009, na Stanfield alikuwamo tangu huko. Ndiyo maana filamu inajua mambo ambayo mtu wa nje hayajui, kama vile kanuni kwamba mtoto akishavuka geti mhudumu haruhusiwi kumgusa tena. Anachoweza ni kumfuata hatua kwa hatua, akiongea naye, mpaka mwenyewe achoke kukimbia.

San Diego hiyohiyo ndiko ulikofanyika utafiti uliobadilisha namna madaktari wanavyoyatazama majeraha ya utotoni. Katika miaka ya 1980 Dkt. Vincent Felitti alikuwa akiendesha kliniki ya kupunguza uzito chini ya shirika la afya la Kaiser Permanente. Jambo moja lilimtatiza: waliokuwa wanaacha matibabu hawakuwa walioshindwa, bali mara nyingi ni wale waliokuwa wanapungua vizuri. Alipokaa nao kuwauliza habari za maisha yao, akakuta wengi walinyanyaswa wakiwa watoto. Baadhi yao unene waliuona kama ngao, na kupungua kulikuwa kunawavua ngao hiyo.

Felitti akaungana na Dkt. Robert Anda wa taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, na kati ya mwaka 1995 na 1997 wakahoji watu zaidi ya 17,000. Waliwauliza kuhusu kupigwa, kudhalilishwa, kutelekezwa, kuishi na mlevi, kumwona mama akipigwa, mtu wa nyumbani kufungwa, na mengine ya aina hiyo. Hawakuwa watu wa mitaa ya dhiki. Walikuwa na bima ya afya, na wengi walikuwa wamesoma. Hata hivyo karibu theluthi mbili walikuwa na angalau tukio moja, na mmoja kati ya wanane alikuwa na manne au zaidi. Ripoti ya kwanza, ya mwaka 1998, ilionyesha kwamba wenye manne au zaidi walikuwa kwenye hatari kubwa mara nne hadi kumi na mbili ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wasiokuwa na hata moja.

Tangu hapo watu wamependa kujihesabia alama kama za mtihani: mimi nina tano, wewe una mbili. Anda mwenyewe, mwaka 2020, aliandika na wenzake kuonya dhidi ya matumizi hayo. Hesabu ile inaeleza hali ya umma wa watu, haimtabirii mtu mmoja. Wawili wenye alama sawa wanaweza kuwa na maisha yasiyofanana kabisa, na ili uelewe ni kwa nini unahitaji kumtazama mtu kwa karibu na kwa muda. Filamu nzuri inaweza kuifanya kazi hiyo.

Mtazame Grace. Bado ni msichana wa miaka ya ishirini na kitu, lakini kwenye makao yale hakuna anayemfikia. Akiingia chumbani anajua nani hajalala, nani ana hasira, nani amejifungia akiwa na kitu chenye ncha kali. Hapazi sauti. Mtoto akimtukana hatetereki, akimkimbilia anamdaka. Mtazamaji anamvulia kofia, na inachukua muda kugundua kwamba umahiri huo una historia yake.

Mtoto anayekulia kwenye nyumba ya vitisho hujifunza kusoma vishindo vya miguu kabla hajajua kusoma herufi. Anajua ufunguo ukizungushwa hivi usiku utakuwa wa amani, ukizungushwa vile ajifiche. Kila mara mwili wake unamwaga adrenalini na kortisoli, homoni zinazotuandaa kupigana au kukimbia. Zina faida kubwa hatari inapokuja na kupita. Isipopita, mwili unazoea, na utayari ule unakuwa ndio hali ya kawaida. Miaka mingi baadaye, kwenye chumba ambacho hakina hatari yoyote, mtu huyo bado yuko macho juu juu. Shuleni mwalimu akimkaripia mwanafunzi mwingine, yeye ndiye anayepindua dawati. Watu wanamwita mtukutu, sikio la kufa, na anachapwa ili ajifunze kutulia, adhabu inayomthibitishia kwamba alikuwa sahihi kukaa chonjo.

Kwa Grace utayari huo umegeuka ajira. Uwezo wa kusoma nyuso aliupata nyumbani kwa baba yake, ambaye alimtendea ubaya ambao filamu inautaja kwa maneno machache sana. Anawatumikia wengine kwa kila alichojifunza kule, ila yeye mwenyewe haguswi. Mpenzi wake Mason, wanayefanya kazi na kuishi pamoja, anamsihi aseme kinachomsumbua, naye ananyamaza. Anagundua ana mimba, na katika siku hizohizo anapata habari kwamba baba anatoka gerezani. Msichana aliyekuwa nguzo ya watu wote anaanza kupasuka.

Hapa waandishi wengi wa filamu hukosea. Wao humwonyesha aliyeumizwa kuwa mtu aliyeharibikiwa waziwazi: chupa mkononi, nyumba chafu, machozi kila saa. Wapo walio hivyo, sikatai. Ila wapo wengi ambao ukiwakuta ofisini au wodini utasema hawa ndio wenye afya kuliko sisi. Hawaombi ruhusa, hawasahau kitu, wanabeba zamu za wenzao. Wanaanguka siku jambo dogo linapogusa pale pasipoguswa, na kila mtu anashangaa.

Kisha anafika Jayden, binti mwenye ulimi mkali ambaye baba yake ameahidi kumchukua siku ya kuzaliwa na hatokei. Jayden na Grace wanafanana mpaka kwenye makovu: wote wawili waliwahi kujikata. Jioni moja Jayden anamsomea Grace hadithi aliyoitunga na kuichora mwenyewe. Pweza mdogo aitwaye Nina anaishi peke yake chini kabisa ya bahari. Anatokea papa anayemwambia watakuwa marafiki endapo atampa mkono mmoja ale. Pweza anaona anayo minane, akitoa mmoja hatapungukiwa. Kesho papa anataka mwingine, na kesho kutwa mwingine.

Grace haelezwi hadithi inamhusu nani. Inamtosha kusikia.

Nakaa kwenye hadithi hii kwa sababu ndani yake limo karibu kila jambo tunalolijua kuhusu namna watoto wanavyosema. Mtoto aliyedhulumiwa na mtu anayempenda ni nadra kusema moja kwa moja. Anachora. Anamuuliza mwalimu swali kuhusu "rafiki yangu". Anaimba, kama Marcus anavyofanya kwenye filamu hiihii, akighani mashairi makali kuhusu mama yake huku Mason akimpigia ngoma. Analeta habari kwa mlango wa nyuma ili mambo yakiharibika aweze kusema ilikuwa hadithi tu. Tena pweza yule hakunyang'anywa mikono. Aliitoa, kwa sababu ya upweke, na hilo ndilo linalowafunga mdomo wengi: mtoto anaamini kwamba kwa kuwa hakupiga kelele, kwa kuwa alipokea zawadi, kwa kuwa alitaka kupendwa, basi na yeye ana hatia. Mtu mzima akijibu kwa kumuuliza "kwa nini hukukimbia?" amekwisha kuufunga mlango ule.

Grace anapeleka taarifa kwa mkuu wa makao. Jibu analopata ni kwamba Jayden aliulizwa, akakana, na usiku amerudi kwa baba yake. Grace anapandwa na ghadhabu, na mtazamaji naye. Lakini mkuu yule si mtu mbaya, na wala hajavunja utaratibu. Amefanya ambacho ofisi nyingi hufanya: akachukua neno "hapana" lililotamkwa mbele ya mgeni kuwa mwisho wa uchunguzi. Watoto hukana. Husema leo na kukanusha kesho, hasa mtuhumiwa akiwa ndiye anayewalisha. Kukana kwa Jayden kulitakiwa kuandikwa kama sehemu ya maelezo yake na mazungumzo yaendelee.

Mason ana sehemu fupi kuliko hizi, lakini inabeba uzito. Tunamdhania kijana aliyelelewa vizuri tu, mcheshi, mpishi wa nyumbani. Kisha tunaandamana naye kwenye sherehe ya kumbukumbu ya ndoa ya wazazi wake, na tunakuta ukumbi umejaa watoto waliolelewa na wazee hao bila kuwazaa, Mason akiwa mmoja wao. Anasimama kuwashukuru. Kumbe na yeye alitoka kulekule.

Safari kama ya Mason imewahi kufuatiliwa na watafiti. Mwanasaikolojia Emmy Werner alitumia miaka 40 kufuatilia watoto wote 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Kati ya watoto waliokulia kwenye umaskini, ugomvi na maradhi ya wazazi, karibu theluthi moja walikua watu wazima wenye kujiamini na kujali wengine. Kilichojitokeza tena na tena kwenye maisha yao ni uhusiano wa karibu na angalau mtu mzima mmoja asiyeyumba: bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Tofauti ya Mason na Grace iko hapo. Hatuambiwi nani aliumia zaidi. Tunaambiwa nani alipata watu.

Nina malalamiko mawili. Usiku Grace anaingia nyumbani kwa baba wa Jayden akiwa na gongo la besiboli, na anaishia kuvunja gari pamoja na binti. Sinema inapenda tukio hilo, nami nakiri lina raha yake, lakini mlezi wa kweli akifanya hivyo kesi ya mtoto inaweza kuvurugika. La pili ni kasi ya mwisho. Grace anaanza kwenda kwa mshauri nasaha, picha ya mimba inaonyeshwa, mambo yananyooka. Matibabu hayaendi hivyo. Yana wiki za kurudi nyuma, za kukosa miadi, za kumchukia mshauri mwenyewe. Na mtoto mchanga si dawa. Kwa mtu aliyeumizwa utotoni, kulea kunaweza kuamsha yaliyolala, hasa mtoto anapofikia umri ule ule aliokuwa nao mzazi alipoumizwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki asije akadhani haya ni ya California. Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto mwaka 2009. Karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na karibu robo tatu ya vijana wote walipigwa au kutishwa. Wavulana walikuwa wagumu kusema kuliko wasichana.

Kwa hiyo hadithi ya pweza inaweza kusomwa kwako wakati wowote, jikoni au kwenye kiti cha nyuma cha gari. Usimhoji mtoto kama polisi, wala usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu itakulazimu uvunje ahadi. Rudia maneno yake kwa sauti ya kawaida, mwambie umemwamini na kwamba hana kosa, muulize kama kuna kingine anataka kusema, halafu andika alivyosema kwa maneno yake mwenyewe siku hiyohiyo. Usimkabili mtuhumiwa kabla mtoto hajawa mahali salama. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Tanzania na Kenya zote zina simu ya msaada kwa watoto kupitia namba 116, bila malipo.

Na mtoto akikana kesho yake, usimwite mwongo. Endelea kuwepo.